Ukurasa Mweupe: Kutafuta Kosa PDF.js Inapogoma Kuonyesha Hati



Safari hii tunashika jambo ambalo wengi wenu mnaohudumia tovuti za parokia mmekwisha kukutana nalo. Hati imewekwa mtandaoni, kiungo kimetumwa kwenye kundi la WhatsApp la makatekista, na kila anayekifungua anaona ukurasa mweupe. Hakuna maandishi, hakuna ujumbe wa kosa, hakuna hata neno la kumwambia asubiri au aache.

Tumweke mtu mmoja mbele ya macho yetu ili somo lisielee hewani. Chukulia katekista wa kigango kilichoko kando ya Ziwa Viktoria wilayani Chato, tuseme upande wa Muganza. Dominika ambayo Padri hafiki, yeye ndiye anayeongoza Ibada ya Neno. Jumamosi jioni, baada ya shughuli za mwalo, anafungua simu ya Android ya bei nafuu, yenye bando dogo na mtandao unaokuja na kuondoka, kutafuta mpangilio wa ibada ya kesho. Ukurasa ukibaki mweupe hana fundi wa kumwita. Waamini watafika kesho asubuhi kwa vyovyote vile. Kila tunachosema hapa chini tukipime kwa simu ya mtu huyu, tusikipime kwa kompyuta mpya ya ofisi ya parokia.

PDF.js ni kitu gani

PDF ilianzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Faida yake inajulikana: ukurasa unabaki na sura ileile popote unapofunguliwa. Shida ni kwamba lugha ya asili ya kivinjari ni HTML, na PDF ni kitu kigeni kwake. Zamani kompyuta zilihitaji programu ya ziada, na Chrome ya Android kwa miaka mingi haikuonyesha PDF ndani ya ukurasa. Ilikuwa inaipakua tu na kuiacha kwenye simu.

Mwaka 2011 wahandisi wa Mozilla, Andreas Gal na Chris Jones, walianza kuandika maktaba ya JavaScript inayosoma PDF na kuichora ukurasani bila msaada wa programu nyingine. Februari 2013 maktaba hiyo, PDF.js, ikawa sehemu ya Firefox toleo la 19. Inatolewa bure kwa leseni ya Apache 2.0, kwa hiyo parokia yoyote inaweza kuitumia. (Neno "maktaba" hapa lisikuchanganye. Ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, ambao mjenzi wa tovuti anauita ufanye kazi.)

Huenda wewe mfrateri umeshaitumia bila kujua. Majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likiwemo Mulika la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yamo katika mfumo uitwao Open Journal Systems, na mfumo huo una kionyeshi chake cha hati kilichojengwa juu ya PDF.js. Tutaurudia mfano huu, kwa sababu una somo ndani yake.

Kazi yenyewe hufanywa na mikono kadhaa inayopokezana. Faili la kwanza, pdf.mjs, ni msimamizi: linapokea amri kutoka kwenye ukurasa. Faili la pili, pdf.worker.mjs, ni mtendakazi anayefanya kazi nzito pembeni: anafumbua PDF, anasoma fonti, anapanga picha, ili ukurasa wenyewe usigande. Seva inatoa hati inapoombwa. Mwishoni matokeo yanachorwa kwenye kanvasi, yaani kipande cha ukurasa kinachopokea mchoro. Mkono mmoja ukikosa kupokea kutoka kwa mwenzake, kinachobaki ni weupe. Ndiyo maana hatushauri kuanza kwa kubadilisha badilisha msimbo kwa kubahatisha. Tuanze kwa kuuliza ni nani hakupokea.

Fungua konsoli kwanza

Katika kompyuta, fungua ukurasa unaogoma kisha bonyeza F12. Utaona paneli yenye sehemu mbili tunazozihitaji: konsoli, ambapo makosa huandikwa kwa rangi nyekundu, na sehemu ya mtandao, ambapo kila faili lililoombwa linaorodheshwa pamoja na namba ya jibu la seva. Ukurasa mweupe machoni pa msomaji karibu kila mara una maneno mekundu kwenye konsoli. Yameandikwa kwa Kiingereza, na wengi huyakimbia kwa sababu hiyo. Soma sentensi ya kwanza tu; mara nyingi inatosha.

Kosa tunalolikuta kuliko mengine ni la mtendakazi. Ukurasa unamwita msimamizi, msimamizi anamtafuta mtendakazi, hamuoni. Lazima aelezwe alipo:

import * as pdfjsLib from "./pdfjs/build/pdf.mjs";
pdfjsLib.GlobalWorkerOptions.workerSrc = "./pdfjs/build/pdf.worker.mjs";

Mstari wa pili ndio unaosahaulika, au unaelekeza folda isiyopo. Kwenye sehemu ya mtandao utaona pdf.worker.mjs ikiwa na namba 404, maana yake seva imetafuta na haikupata.

Ndugu wa karibu wa kosa hilo ni matoleo yasiyolingana. Konsoli inasema kwamba toleo la API halilingani na toleo la Worker, na inataja namba zote mbili. Hutokea pale msimamizi anapotoka kwenye folda ya tovuti yenu na mtendakazi anavutwa kutoka seva ya nje iliyokwisha kuhamia toleo jingine. Hutokea pia mtu anaposasisha faili moja na kuliacha la pili, au kivinjari kinapokuwa bado kimeshika nakala ya zamani kwenye akiba yake. Dawa ni kuyachukua yote mawili kutoka kifurushi kimoja na kuyaweka folda moja, ndani ya tovuti yenu. Hapa ndipo mfano wa Open Journal Systems unapofaa: kionyeshi chake kinakuja na nakala yake ya PDF.js, ikikaa kwenye seva ileile iliyo na makala. Hakuna anayesubiri mtu wa mbali.

Kosa la tatu la aina hii linaumiza kichwa kwa sababu kila kitu kinaonekana kiko mahali pake. Faili lipo, namba ni 200, folda ni sahihi, na bado konsoli inalalamika kuhusu aina ya faili. Tangu toleo la 4, PDF.js inatumia mafaili yenye mwisho wa .mjs. Seva za zamani za kukodi haziujui mwisho huo, kwa hiyo zinatangaza kwamba faili ni maandishi ya kawaida au kitu kisichojulikana, na kivinjari kinakataa kuliendesha. Kwenye seva ya Apache, mstari mmoja ndani ya faili la .htaccess unatosha:

AddType text/javascript .mjs

Na kama unajaribu kazi yako nyumbani kwa kubofya faili la HTML mara mbili kwenye folda, ukiona anwani inaanza na file:// acha kutafuta kosa jingine. Kivinjari hakiruhusu moduli za JavaScript kupakiwa kwa njia hiyo. Washa seva ndogo kwa amri python3 -m http.server 8000, kisha fungua localhost:8000.

Faili ambalo si PDF, na nyumba ambayo si yako

Tuseme mtendakazi yupo kazini. Sasa anasema InvalidPDFException, yaani muundo wa PDF si halali. Wengi hukimbilia kudhani hati imeharibika na kuanza kuitengeneza upya. Kabla ya hapo, angalia kwenye sehemu ya mtandao seva imetoa nini hasa. PDF halisi huanza na herufi %PDF- zikifuatiwa na namba ya toleo. Mara nyingi utakuta kilichotolewa ni ukurasa wa HTML: ukurasa wa kuomba nywila, ukurasa wa kusema "haipatikani", au ukurasa wa kuonyesha hati.

Huo wa mwisho unatuhusu sana, kwa sababu katika parokia nyingi hati zinatunzwa Google Drive. Kiungo cha kushirikisha cha Google Drive hakielekezi kwenye PDF yenyewe. Kinaelekeza kwenye ukurasa wa wavuti unaoionyesha. Binadamu akikifungua anaona hati na kuridhika. PDF.js ikikifungua inapokea HTML, na haina la kufanya nayo. Weka hati kwenye seva ya tovuti yenu.

Hata kiungo kikiwa cha PDF yenyewe, kuna ulinzi mwingine. Kivinjari hakiruhusu msimbo wa tovuti moja kuchota faili la tovuti nyingine bila ruhusa ya mwenye faili. Ruhusa hiyo seva huitoa kwa kichwa cha jibu kiitwacho Access-Control-Allow-Origin. Kionyeshi kinachokuja na PDF.js nacho kina ukaguzi wake, na kitasema kwamba asili ya faili hailingani na yake. Mtu anaweza kujibu, "Lakini vyote viko kwenye tovuti yetu!" Tazama anwani vizuri. Kwa kivinjari, anwani yenye www na anwani isiyo na www ni nyumba mbili. http na https ni nyumba mbili vilevile, na zaidi ya hapo ukurasa wa https unaojaribu kuchota faili kwa http unazuiwa kabisa. Kwa hiyo ndani ya msimbo andika njia fupi, kama /hati/ibada.pdf, bila kutaja jina la tovuti. Njia fupi inafuata nyumba ambayo msomaji ameingilia.

Majina ya mafaili nayo yana visa vyake. Kwenye kompyuta ya Windows ya ofisini, Masomo.PDF na masomo.pdf ni faili moja. Kwenye seva ya Linux ni mawili. Sasa chukua jina kama "Dominika ya 5 & 6.pdf" uliweke kwenye anwani ya kionyeshi baada ya viewer.html?file= uone kinachotokea: alama ya & inaikata anwani, na PDF.js inaenda kutafuta faili liitwalo "Dominika ya 5 " ambalo halipo. Mjenzi makini atapitisha jina kwenye encodeURIComponent. Sisi tunapendelea njia ya wazee: herufi ndogo, bila nafasi, bila alama, kama dominika-05.pdf.

Inafunguka ofisini, inagoma Chato

Hapa ndipo tungependa kukaa zaidi, kwa kuwa makosa ya hapo juu huwapata wote na hugunduliwa mapema. Yafuatayo hayaonekani kwenye kompyuta ya mjenzi. Yanampata katekista wetu peke yake.

La kwanza ni umri wa kivinjari. Matoleo ya karibuni ya PDF.js yanatumia maneno ya JavaScript ambayo vivinjari vya zamani havina. Mojawapo ni Promise.withResolvers, ambalo Chrome ililipata katika toleo la 119, mwishoni mwa 2023. Simu ambayo Chrome yake haijasasishwa tangu kabla ya hapo, kwa kukosa nafasi au kwa kuhurumia bando, inakutana na neno isilolijua na kusimama. Waandishi wa PDF.js wamelifikiria hilo: pamoja na kifurushi cha kawaida wanatoa kingine chenye neno legacy katika jina lake, kilichoongezewa yanayokosekana. Kwa tovuti ya parokia zetu tunashauri kutumia hicho tangu mwanzo. Kinazidi kidogo kwa ukubwa, ila kinafunguka kwenye simu nyingi zaidi, na hiyo ndiyo kazi yake.

La pili ni kumbukumbu ya simu. Skrini yenye upana wa pikseli 360 za kivinjari, na ambayo kila moja ni pikseli 2 za kweli kwa upande, inahitaji kanvasi yenye upana wa 720 ili maandishi yasionekane na ukungu. Ukurasa wa A4 kwa upana huo una urefu wa takriban 1,018. Kila pikseli inachukua baiti 4, kwa hiyo ukurasa mmoja ni karibu megabaiti 3 za kumbukumbu. Kitabu cha kurasa 200 kikichorwa chote kwa mkupuo kinakaribia megabaiti 600. Simu ndogo haiwezi. Kivinjari kinajifunga chenyewe, au kinaacha kurasa nyeupe kuanzia katikati. Chora ukurasa unaotazamwa pamoja na unaofuata, kisha futa zilizopita kwa page.cleanup() na kwa kuweka upana wa kanvasi kuwa 0. Kwenye JavaScript kuna IntersectionObserver ya kukuambia ni ukurasa gani umeingia machoni.

Wapo wanaoukwepa mzigo huu kwa kuacha devicePixelRatio pembeni, yaani kuchora kwa 360 na kuvuta. Hapo ndipo malalamiko ya "maandishi yana ukungu" yanapotoka. Mtu wa miaka 60 anayesoma mbele ya watu kwa mwanga wa dirisha hapaswi kupewa ukungu.

Kabla hatujaacha kanvasi, tutaje kosa moja la haraka. Msomaji akigusa "ukurasa unaofuata" mara tatu kwa pupa, konsoli inalalamika kwamba kanvasi moja inatumiwa na michoro zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Sitisha mchoro wa kwanza kwa renderTask.cancel() kabla ya kuanza mwingine.

La tatu ni bando. Kwa kawaida PDF.js haihitaji kusubiri faili zima. Inaweza kuiomba seva vipande vya kilobaiti 64, kuanzia na orodha ya yaliyomo ndani ya faili, kisha kurasa zinazohitajika. Lakini seva lazima ikubali. Jibu lake liwe na kichwa Accept-Ranges chenye thamani bytes, itaje ukubwa wa faili, na isiibane PDF kwa gzip wakati wa kuituma. Hilo la gzip huwapita wengi: fundi anawasha ubanaji kwa mafaili yote akidhani anasaidia, kumbe PDF tayari imebanwa kwa ndani, hapati nafuu yoyote ya maana, na PDF.js inapoona ubanaji huo inaacha kuomba vipande na kuchota faili zima. Kwenye sehemu ya mtandao utatambua tofauti: vipande vinajibiwa kwa namba 206, faili zima kwa 200. (Ile seva ndogo ya Python tuliyoitaja haijui kutoa vipande, kwa hiyo usipime jambo hili kwayo.)

Hata vipande vikifanya kazi, PDF.js ikishaonyesha ukurasa wa kwanza inaendelea kuchota uliobaki kimyakimya ili msomaji asisubiri baadaye. Ofisini ni fadhila. Kwa mwenye bando la siku ni hasara. Ukiweka disableAutoFetch na disableStream zote kuwa true, inachota kinachotazamwa tu. Weka zote mbili. Ya kwanza peke yake haikusaidii. Hati nayo iandaliwe kwa wavuti kwa amri qpdf --linearize kitabu.pdf kitabu-wavuti.pdf, ili yanayohitajika kwa ukurasa wa kwanza yakae mwanzoni mwa faili. Haya yote ni kwa vitabu vikubwa. Faili la kilobaiti 300 liache lichotwe mara moja, kwa sababu kwenye mtandao wa kusuasua maombi mengi madogo huchelewa kuliko ombi moja.

Ugonjwa wa skani

Sasa tuseme ukweli kuhusu desturi yetu wenyewe katika ofisi za Kanisa, na za serikali pia. Tangazo linachapwa vizuri kwenye kompyuta. Linatolewa kwenye karatasi, linasainiwa, linapigwa muhuri. Kisha linapigwa picha kwa simu au kwa mashine, linageuzwa PDF, na hiyo ndiyo inayopandishwa kwenye tovuti. Maandishi yaliyokuwa kilobaiti chache yamekuwa picha.

Ukurasa wa A4 uliopigwa skani ya rangi kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2,480 kwa 3,508. Mtendakazi akiufumbua unachukua karibu megabaiti 35 za kumbukumbu, hata kama faili lenyewe ni dogo. Kurasa 5 kama hizo zinaweza kuishinda simu ambayo ingesoma kitabu kizima cha maandishi bila kuchoka. Kama lazima iwe skani, basi iwe nyeusi na nyeupe, na nukta 200 zinatosha kwa maandishi ya kawaida. Tena, skani nyingine hutunza picha kwa mtindo wa JPEG 2000, na katika matoleo ya 5 ya PDF.js kuifumbua picha ya namna hiyo kunategemea folda iitwayo wasm, ambayo msimbo huelezwa ilipo kwa wasmUrl. Folda ikisahaulika seva inapohamishwa, idadi ya kurasa inaonekana sawasawa, kurasa zenyewe ziko tupu.

Uzito si shida pekee. PDF.js ikishachora ukurasa inaweza kutandaza juu yake tabaka la maandishi lisiloonekana, ili msomaji aweze kutafuta neno, kunakili, au kusomewa kwa sauti na simu. Skani haina maandishi, kwa hiyo tabaka ni tupu, na mwamini asiyeona ameachwa nje ya tangazo lililowekwa kwa ajili yake. Kama hati ya asili ipo kwenye Word, toa PDF moja kwa moja kutoka humo, na saini ibaki kwenye nakala ya jalada. Kama ni kitabu cha zamani kisicho na nakala nyingine, programu huria ya OCRmyPDF inaweza kusoma herufi na kuziweka chini ya picha, na inakijua Kiswahili: ocrmypdf -l swa zamani.pdf mpya.pdf, baada ya kuweka kifurushi cha lugha hiyo cha Tesseract. Pitia matokeo kwa macho. Herufi zilizofifia husomwa vibaya.

Tabaka hilo lina makosa yake hata kwenye PDF nzuri. Ukiona maneno yamejirudia, moja juu ya jingine kama kivuli, faili la mitindo pdf_viewer.css halijapakiwa. Ukitafuta "Wafilipi" na kuambiwa haipo ilhali unaiona, huenda fonti iliunganisha f na i kuwa umbo moja, na hati haikubeba ramani ya kusema umbo hilo ni herufi gani. Ukinakili unapata "Wa lipi". Hilo halitibiki kwenye PDF.js. Rudi kwenye hati ya asili, uitoe upya. Na maandishi yakikosekana kabisa huku mistari na picha zipo, hati inategemea fonti za kawaida isizozibeba ndani yake. Elekeza standardFontDataUrl kwenye folda ya standard_fonts iliyomo ndani ya kifurushi.

Kabla ya kuiachia tovuti

Mwezi Mei 2024 ilitangazwa dosari iliyogunduliwa na Thomas Rinsma wa Codean Labs, iliyopewa namba CVE-2024-4367. PDF yenye fonti iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuendesha JavaScript ya mgeni ndani ya tovuti inayoionyesha. Ilirekebishwa katika PDF.js toleo la 4.2.67. Tovuti inayoonyesha hati za ofisi yake tu ina hatari ndogo. Inayopokea PDF kutoka kwa watu, kwa mfano vyeti vya waombaji wa nafasi za masomo, isikae na toleo la chini ya hilo hata wiki moja. Kama kusasisha hakuwezekani leo, weka isEvalSupported kuwa false wakati unajiandaa.

Kisha mpe msomaji njia ya pili. Ahadi inayorudishwa na getDocument inaweza kushindwa, na msimbo mwingi tunaouona unashughulikia kufaulu tu. Ongeza .catch, na ndani yake badala ya weupe weka sentensi ya Kiswahili na kiungo cha kupakua faili. Jaribu kwa makusudi: badilisha jina la PDF kwenye seva, fungua ukurasa kwa simu, uone kama sentensi inatokea. Jaribio hilo lifanyike kwa simu ya bei nafuu iliyozimwa Wi-Fi.

Na kuna hati ambazo tungeziondoa kabisa mikononi mwa PDF.js. Kitabu kizima cha katekesi, ramani ya parokia, fomu yenye majedwali, hizo zinastahili PDF. Mpangilio wa ibada ya Dominika ni maandishi matupu. Maneno 1,500 ya Kiswahili ndani ya HTML hayafiki kilobaiti 15, yanajipanga yenyewe kwa upana wa skrini, yanakuzwa kwa vidole, na yanafunguka hata pale ambapo JavaScript imegoma. Weka maandishi hayo juu ya ukurasa, na chini yake kiungo cha PDF kwa anayetaka kuchapa, ukubwa ukiwa umeandikwa hapohapo, "Pakua PDF, MB 1.2", ili mwenye bando dogo ajue kabla hajabofya.